Jinsi ya Kuikosoa Filamu Barazani Mwabungo

Kwanza, itazame filamu yenyewe. Wakosoaji wakali kuliko wote hapa Mwabungo, pwani ya Kenya, ni wale waliosimuliwa. Mtu kaona kipande cha dakika moja kwenye simu ya mwenzake, na kabla chai haijapoa ameshamhukumu mwongozaji, waigizaji, hata fundi aliyeshona nguo. Filamu ina haki ya kusikilizwa mpaka neno la mwisho, kama shahidi mbele ya kadhi.

Ukiitazama filamu ya Kihindi kwa sauti ya DJ Afro, msimulizi wa filamu za kigeni, jua umetazama mbili kwa mpigo: ile iliyotengenezwa India, na ile ya DJ mwenyewe, anayempachika stelingi maneno ambayo hajayasema. Zote halali, na ya pili mimi naipenda sana. Lakini ukifika barazani, sema unaisifu ipi.

Sikiliza lugha. Tamthilia ya Sultana ilipoanza kwenye runinga ya Citizen mwaka 2022, ikipokea nafasi ya tamthilia ya Zora, tulisikia Kiswahili cha nyumbani kikizungumzwa bila kuombewa radhi. Kwangu hiyo ndiyo kazi kubwa ya watayarishaji wake, Lulu Hassan na Rashid Abdalla, kuliko hata visa vyenyewe, ambavyo mara nyingine huvutwa mpaka vikachosha.

Filamu ikihusu ufukwe kama wetu, kuwa mkali zaidi. Mwaka 2012 Ulrich Seidl wa Austria alipeleka kwenye tamasha la Cannes filamu yake Paradies: Liebe, kuhusu mama wa makamo, Teresa, anayekuja pwani ya Kenya kutafuta mapenzi kwa vijana wa ufukweni. Usiitazame mbele ya watoto. Seidl hawaonei haya watalii, na upweke wa Teresa unauma kweli. Lakini kamera haibanduki kwake. Kijana anayeitwa Munga tunamwona pale tu Teresa anapomwona. Akishampa mgongo, hatujui kijana anakula nini wala anawaza nini. Anayeishi hapa kwetu, kati ya Galu na Kinondo, anajua kwamba nusu ya kisa iko huko. Sema hivyo, tena kwa sauti.

Sasa tuje kwa Subira, filamu ya Sippy Chadha, iliyotoka mwaka 2018 na mwaka uliofuata ikachaguliwa kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar. Msichana wa Lamu anataka kuogelea baharini, naye anaambiwa bahari si mahali pa mtoto wa kike. Anakua, anapangiwa ndoa, na hamu ya maji haimtoki. Usikimbilie kusema hayo ni mambo ya Lamu. Simama ufukweni jioni maji yakijaa, uhesabu wavulana wanaopiga mbizi, kisha uhesabu wasichana. Tunaishi hatua chache kutoka baharini, na mabinti zetu wanaliogopa wimbi ambalo kaka zao wanalichezea. Filamu hii imenigusa kuliko zote nilizozitaja, kwa sababu haimtukani mzazi yeyote. Inamwonyesha tu anavyoogopa.

Mwisho wake sikwambii, na wewe usimwambie mwenzio. Itafute, uitazame sebuleni pamoja na binti yako. Ikiisha, usianze wewe kutoa maoni. Muulize yeye kwanza, na akitaka kufundishwa kuogelea, mtafutie mwalimu.