Wifi Akija na Chai ya Tumbo: Namna ya Kumpokea

Mfungulie mlango, mpokee mkoba, mpe kiti chenye mto. Wifi anayeuza chai ya kupunguza tumbo bado ni wifi, na mwongozo huu haumruhusu mtu kumvunjia heshima dada wa mumewe kwa ajili ya boksi la majani. Amesikia kwamba zimebaki wiki tatu kufika sendoff ya mwanao, ameiona picha ya gauni lako kwenye grupu la WhatsApp la kamati, na hesabu zake ameshazipiga. Atakutazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, atauliza habari za watoto, kisha boksi litatoka mkobani.

Usibishane naye. Mwombe ulisome. Upande wa mbele kuna picha ya mwanamke asiye na tumbo kabisa, huyo mwache. Geuza nyuma, kwenye yale maandishi ya kusomwa kwa miwani, utafute neno senna. Ukiliona, umekutana na mtu wa nyumbani: ni sanamaki, ile ile wanayochemshiwa watu wa pwani wakifunga choo. Kwa kazi hiyo, na kwa siku chache, ni dawa nzuri. Inausukuma utumbo mpana ubane, maji yasipate nafasi ya kufyonzwa, na wewe unakimbilia msalani. Sasa mweleze wifi taratibu, huku ukimmiminia maji ya kunywa, kwamba chakula hakifyonzwi huko. Kinafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, mapema kabisa. Sanamaki inapoanza kazi, ubwabwa wa jana umeshaingia mwilini na kuhesabiwa. Kinachotoka ni maji pamoja na chumvi za mwili, potasiamu ikiwemo, na potasiamu ndiyo inayousaidia moyo kupiga kwa mpangilio. Asubuhi mzani utashuka kilo moja au mbili. Ukishakunywa maji na kula, zitarudi.

Kama boksi halitaji chochote zaidi ya "mimea asilia asilimia 100", omba namba ya usajili. Dawa hapa Tanzania husajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, na kwa dawa za asili kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Kuuliza siyo utovu wa adabu. Kuna dawa iliyoitwa sibutramini, iliyokuwa ikiandikwa na madaktari kupunguza hamu ya kula. Mwaka 2010 iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani, baada ya utafiti kuonyesha kwamba inaongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa watu waliokuwa tayari na maradhi ya moyo. Haikufa. Wakaguzi wa nchi mbalimbali wameendelea kuikuta imefichwa ndani ya vidonge, chai na kahawa za kupunguza uzito zilizoandikwa kwamba ni mitishamba mitupu. Kwa hiyo mtu akinywa kikombe, moyo ukaenda mbio, mdomo ukakauka na usingizi ukamkimbia, asifurahi kwamba chai inafanya kazi. Aache, alibebe boksi lenyewe, aende nalo hospitali.

Wifi atasema hii yake haisumbui, hii inayeyusha mafuta tu. Hapo msimulie habari ya dinitrofenoli, maana hicho ni kitu kilichowahi kuyachoma mafuta ya mwili kweli. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kilitumika kutengeneza baruti katika viwanda vya Ufaransa, na wafanyakazi wakawa wanakonda, wanatokwa jasho jingi, wanapandwa na joto, baadhi walikufa. Mwaka 1933 madaktari wa Stanford, California, wakaandika kwamba kinapunguza uzito, na wanawake na wanaume kwa maelfu wakaanza kukimeza. Walipungua. Wengine walipata mtoto wa jicho wakiwa bado vijana, wengine walikufa kwa homa ambayo hakuna barafu iliyoweza kuishusha, kwa sababu joto lilikuwa linazalishwa ndani ya kila chembe ya mwili. Mwaka 1938 Marekani ikatangaza kwamba hakifai kuingia mwilini mwa binadamu. Mpaka leo kinauzwa kwa siri mtandaoni na bado kinaua vijana, na kipimo kinachokondesha hakiko mbali na kinachozika. Ndiyo maana neno "kuyeyusha" linastahili maswali mengi kuliko maneno yote yaliyoandikwa kwenye boksi.

Habari ya kujifunga nailoni tumboni kabla ya mazoezi ufukweni, ipitie haraka: linalotoka ni jasho, na katika joto la Dar es Salaam jasho hilo unalihitaji likauke juu ya ngozi ili likupoze. Siki ya tufaha kila asubuhi nayo inakula meno.

Akiona chai imekwama, wifi atafungua simu akuonyeshe keto. Hii ipe heshima yake. Ilibuniwa na kupewa jina mwaka 1921 na daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa, na watoto ambao kifafa chao hakisikii dawa bado wanatibiwa nayo chini ya uangalizi. Umaarufu wake mitaani unatokana na wiki ya kwanza. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na maji ya gramu kama tatu. Ukiacha ugali, wali, chapati na ndizi, akiba inatumika, maji yanatoka, mzani unashuka kilo mbili, na mtu anapiga picha. Baada ya hapo mwendo unakuwa ule ule wa watu wote. Mwaka 2018 watafiti wa Stanford wakiongozwa na Christopher Gardner walichapisha matokeo ya watu 609 waliogawanywa mafungu mawili kwa mwaka mzima: fungu moja likapunguza mafuta, jingine likapunguza wanga. La mafuta lilipungua wastani wa kilo 5.3, la wanga kilo 6.0, na kitakwimu hiyo si tofauti. Wote walikuwa wameambiwa wale mboga kwa wingi, waache sukari na unga uliokobolewa, wapike nyumbani.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Keto ikishapewa jembe katika nyumba ya watu sita inaanza kulegea: maharage hayatakiwi, embe halitakiwi, mama anapika sufuria mbili, nyama na siagi vinamaliza hela ya ada. Nyuzinyuzi zikipungua choo kinakuwa kigumu, na wifi anarudi na sanamaki. Kwa baadhi ya watu lehemu mbaya hupanda sana. Na mwenye kisukari anayetumia insulini asiguse mlo huu kabla ya kuonana na daktari wake, kwa sababu dozi yake ilipangwa kwa mtu anayekula wanga.

Onyo hilo hilo lisemwe kwa sauti zaidi kuhusu kufunga. Tangu Profesa Mohamed Janabi, daktari bingwa wa moyo, awahimize Watanzania wapunguze sukari na kula mara chache, wapo waliosikia nusu ya maneno wakaamua kukaa na njaa saa kumi na sita huku wanameza glibenklamidi, dawa ya kisukari, kama kawaida. Dawa hiyo inashusha sukari hata kama hujala. Mtu ataanza kutetemeka, atalowa jasho la baridi, atazungumza maneno yasiyoeleweka, na anaweza kupoteza fahamu. Akiwa bado anaweza kumeza, mpe sukari kwanza, lawama baadaye. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto anayekua hawafungi kwa ajili ya kiuno. Mtu mzima mwenye afya anaweza kufunga salama, lakini sisi wa nchi ya futari tunajua kwamba mfungo wa kutwa hauzuii mtu kumaliza mwezi ameongezeka, kutegemea meza ya magharibi ina nini.

Kisha itakuja ile ratiba ya matango na mayai mawili. Naichukia waziwazi, na sababu yake ni majaribio ya Chuo Kikuu cha Minnesota yaliyoanza Novemba 1944. Mtafiti Ancel Keys alichukua vijana 36 wenye afya, waliojitolea wenyewe, akawapa kalori takriban 1,570 kwa siku kwa wiki 24. Walipoteza kama robo ya uzito wao. Pia walipoteza furaha: walisikia baridi wakati wenzao wanasikia joto, waligombana, waliota chakula, walisoma vitabu vya mapishi mpaka usiku, hamu ya wanawake ikawaishia. Waliporuhusiwa kula walikula mpaka wakaumwa, na bado wakasema wana njaa. Sasa itazame ile ratiba ya wifi. Nyingi zinazozunguka kwenye simu zinampa mama anayeosha, anayefua na anayepanda daladala mbili kalori 1,200, nyingine 800. Anayevunja ratiba hiyo siku ya nne na kumaliza sinia la pilau hana upungufu wa tabia; mwili wake umefanya kazi yake ya kumlinda. Uzito ukishuka zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki, wiki baada ya wiki, mawe ya nyongo nayo huja kwa urahisi, na kinachopungua si mafuta peke yake, misuli inakwenda nayo.

Bado kuna sindano. Semaglutaidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Ozempic, ni dawa ya kweli inayofanya kazi. Katika utafiti mkubwa wa watu wasio na kisukari, walioitumia walipungua wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito katika wiki 68. Walioiacha walirudisha theluthi mbili ya uzito huo ndani ya mwaka. Kwa hiyo ni safari ndefu ya daktari na mgonjwa wake, yenye kichefuchefu na gharama, na ambaye anaihitaji asionewe haya. Lakini kalamu za sindano hiyo kabla ya kufunguliwa hukaa kwenye friji, na mkoba wa wifi si friji. Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu semaglutaidi bandia zilizokutwa sokoni. Sindano isiyotoka famasia yenye kibali usiiruhusu kukugusa.

Mkishafika hapa, wifi atakuwa na njaa. Mwite jikoni. Weka chupa ya mafuta na kijiko cha chakula mbele yake, kisha mwombe aunge mchicha kama anavyounga kwake, ila kila anachomimina kipite kwenye kijiko. Mkono uliozoea kuinamisha chupa mara moja unatoa vijiko sita. Kijiko kimoja kina kalori kama 120. Mchicha huo huo wa watu wanne, kitunguu kikikaangwa taratibu na nyanya ikiachwa iive mpaka itoe maji yake, unatosheka na vijiko viwili, na kila sahani imepungukiwa kalori 120 bila mtu kulalamika. Chupa ya soda ya kola ya mililita 300 ina sukari kama vijiko vinane vya chai, karibu kalori 130. Vikombe vitatu vya chai vyenye vijiko vitatu kila kimoja ni kalori 145 nyingine. Jumlisha mafuta hayo, soda na sukari ya chai ukiviacha: pungufu ya karibu 400 kwa siku, na ugali uko mezani, dagaa wapo, maharage yapo. Mwanzoni inashusha kama theluthi ya kilo kwa wiki. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba watu waliokuwa ukingoni mwa kisukari, wakilenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, walipunguza uwezekano wa kukipata kwa asilimia 58. Mwenye kilo 85 anazungumzia kilo sita. Kilo hizo sita zina thamani kubwa kuliko mwili wote wa yule mwanamke wa kwenye boksi.

Kwa sendoff iliyobakiza wiki tatu, hesabu hiyo inakupa kilo moja. Basi nenda kwa fundi. Mwombe aachie mishono ya pembeni. Fundi mzuri aliacha kitambaa cha ziada humo ndani, na saa moja inatosha. Ukiwa hapo azima tepi yake ujipime kiuno. Sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume ndipo tahadhari inapoanza, kwa kuwa mafuta yanayozunguka viungo vya ndani ndiyo yenye madhara makubwa. Tepi nenda nayo nyumbani, umpime mumeo, kaka wa wifi, aliyekaa sebuleni muda wote huu na kitambi chake bila kuonyeshwa boksi hata moja. Yeye ndiye nina wasiwasi naye zaidi.

Kabla wifi hajaondoka, muulize yeye mwenyewe anakunywa vikombe vingapi. Muulize mkiwa wawili, jikoni. Akisema kila siku tangu aanze biashara, muulize kama misuli ya miguu inamkaza usiku, kama anahisi moyo unaruka mapigo, kama ngazi mbili zinamchosha. Akiitikia hata moja, asisubiri Jumatatu. Mpelekeni akapimwe potasiamu, presha na sukari, na boksi liende naye. Na kama alikopa kwenye kikoba kununua mzigo ambao haujatoka, mumeo akae na ndugu zake wamchangie marejesho. Usimnunulie boksi kwa huruma. Utampa jirani, naye ataanza kunywa.