Nilidhani Ekisesi ni Nyongeza

Wueh, jirani! Nipe mandazi mbili, andika kwa daftari. Mwenzako nimelowa.

Hapa Kitale si maji yalipotea siku tatu? Nikafungua mfereji wa jikoni, fyuuu, hewa tupu. Nikauacha hivyo hivyo. Nikaenda matanga Bungoma. Maji nayo yakarudi usiku kama mwizi, yakapata sinki imezibwa na ukoko wa ugali wangu. Asubuhi Mama Chebet ananipigia: "Baba Nekesa, bata wangu wako sebuleni kwako. Wamekataa kutoka."

Zulia kwisha. Godoro kwisha. Sofa imekunywa maji kuliko ng'ombe. Fundi akaangalia, akapiga mluzi, akasema Sh40,000.

Lakini mimi niko na bima! Miaka mitatu nalipa. Shemeji wa Bungoma ni ejenti, aliniuzia mbele ya mama mkwe. Wewe ungekataa? Na kwa karatasi niliona "ekisesi Sh15,000", nikafurahi sana. Nilijua ni nyongeza. Kumbe ndiyo ile nabeba mwenyewe kabla wao hawajatoa hata ndururu.

Haijaisha. Nilipojaza fomu ya kuchukua bima nilisema vitu vyangu vyote ni vya Sh100,000, ndio nilipe kidogo. Mjanja. Sasa shemeji anasema asesa wa bima akikuta ni vya Sh200,000, nimejikatia bima nusu, nalipwa nusu. Nusu ya arobaini ni ishirini. Toa ekisesi. Inabaki Sh5,000! Hapo hujatoa nauli, hujatoa picha. Halafu kwa fomu ya kudai kuna laini mbili zimeandikwa "Chanzo cha hasara". Niandike nini? "Mimi"?

Mke wangu akasema achana nayo. Hapo ndipo nikaona lazima niende kwa shemeji Bungoma.

Nikaanika sofa uani, jua kali, nikapanda matatu. Tumefika Kamukuywa, simu. Mama Chebet tena. "Baba Nekesa, huku ni mvua ya mawe. Sofa nayo ni nzito, nimeokoa mto mmoja."

Nikampigia shemeji, sauti ya heshima kabisa. Hii ya sofa si tunaiingiza kwa ile ya mfereji? Akanyamaza. "Hapana, shemeji. Hiyo ni hasara ingine. Iko na ekisesi yake."

Kumbe simu ilikuwa kwa spika. Nikasikia mama mkwe, polepole: "Kwani sofa ameipeleka nje?"