Namna ya Kuangusha Kilo Mia Tatu kwa Heshima: Mwongozo wa Gotu kwa Mzee wa Pikipiki

Umestaafu, hongera. Mwaka 2009 serikali ya Kenya iliusogeza umri wa kustaafu kutoka miaka 55 hadi 60, kwa hiyo ulipewa miaka mitano zaidi ya kuipanga ndoto hii, na sasa mafao yameingia benki. Wenzako uliostaafu nao wamenunua ng'ombe wa maziwa, wengine wamejenga nyumba za kupangisha Kitengela, na mmoja, kwa habari zilizotufikia, ameoa tena. Wewe umenunua pikipiki ya safari ndefu yenye injini ya cc 1,250, kioo cha kukinga upepo na masanduku matatu ya aluminiamu. Mama watoto alipouliza ni ya nini, ulijibu kwamba ni ya afya.

Kilichobaki ni kuipeleka mahali itakapokuonyesha ukweli bila mashahidi wengi. Mwongozo huu unapendekeza Gotu, kaunti ya Isiolo. Utaikuta kando ya mto Ewaso Ng'iro, chini zaidi baada ya mto huo kuzipita hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba. Kuna daraja, kuna maporomoko ya maji juu ya mawe, na kuna hifadhi ya jamii ya Nakuprat-Gotu wanayoshirikiana Waturkana na Waborana. Barabara kuu ya A2, yenye lami safi hadi Moyale, inakwenda zake upande mwingine. Ili ufike Gotu lazima uiache lami hiyo kwa hiari yako, ukiwa na akili timamu, na hapo ndipo mafunzo yanapoanzia.

Hatua ya kwanza: nunua pikipiki isiyokutosha

Chagua kwa macho, kamwe usichague kwa miguu. BMW R 1250 GS Adventure, kwa mfano, ina uzito wa kilo 268 tangi likiwa limejaa, na kiti chake kiko sentimita 89 kutoka ardhini. Ukiwa mtu wa kimo cha kawaida, dukani utagusa sakafu kwa vidole vya miguu tu, huku muuzaji akikuhakikishia kwamba umependeza. Usimwulize sakafu ya duka inafanana vipi na mchanga wa Isiolo.

Kisha ongeza mzigo. Petroli ya tangi la lita 30, kilo 22 hivi, tayari imo katika hesabu hiyo. Tia masanduku, hema, jiko la gesi, kiti cha kukunja, spana za kufungulia nati ambazo hutazifungua, na dawa zako za mwezi mzima. Umeshavuka kilo 300 na wewe mwenyewe bado hujapanda.

Kuna washauri watakaokuambia ununue kitu chepesi. Hata serikali ilijaribu kukushauri kwa njia yake: ilipoondoa VAT kwa pikipiki mwaka 2008, iliondoa kwa zile ndogo, zisizozidi cc 250. Nchi nzima ikaelewa. Vijana wakanunua Boxer na TVS, wakaanza kubeba abiria, magunia, vitanda na jeneza mojamoja. Wewe hukuelewa, kwa sababu hukuwa ukitafuta usafiri.

Hatua ya pili: jiunge na kundi lenye katiba

Mkenya hawezi kukaa na wenzake watano bila kuchagua mwenyekiti, katibu na mhazini, na kundi la wapanda pikipiki halina tofauti. Utalipa kiingilio. Utapewa kizibao cha ngozi nyeusi chenye nembo mgongoni, vazi lililobuniwa na watu wa nchi za baridi, nawe utalivaa Isiolo adhuhuri jua likiwa nyuzi 35. Utapewa pia jina la barabarani. Waliokuwa wahasibu huitwa Simba. Waliokuwa walimu wakuu huitwa Kimbunga. Jina likikukaa vibaya usilalamike, andika barua kwa katibu.

Kwa miezi kadhaa safari za kundi zitakuwa kwenda kula nyama choma umbali wa kilomita 40, saa moja ya barabara na saa nne za mezani. Hapo ndipo utakapopata ujasiri wote. Mtu ambaye hajawahi kutoka kwenye lami atakueleza namna ya kuendesha kwenye mchanga, mfupa ukiwa mkononi.

Hata hivyo, ndani ya kizibao hicho kuna elimu ya kweli, na ni vizuri uiibe kabla hujachoshwa na mikutano. Kiongozi hutangulia. Mgeni, yaani wewe, hukaa nafasi ya pili, nyuma yake, ili mwendo wa kundi uwe mwendo wako. Aliye hodari kuliko wote hukaa mwisho kabisa, maana ndiye atakayemkuta aliyeanguka. Kwenye lami mnapishana, mmoja kulia na mwingine kushoto, ili kila mtu awe na nafasi ya kufunga breki. Kwenye vumbi mnaachana mbali, kwa sababu vumbi la mwenzako ni ukuta. Na kwenye kila njia panda unasimama na kungoja hadi aliye nyuma yako akuone, kisha ndipo unapoondoka. Ukiifuata kanuni hiyo moja, hakuna mzee atakayepotelea porini. Ukiipuuza, kundi litafika Gotu likiwa na picha nzuri na upungufu wa mwanachama mmoja.

Hatua ya tatu: idharau njia

Toka Nairobi kumekucha, pita Thika, Sagana na Karatina. Nanyuki simama kwenye ikweta uoneshwe maji yanavyozunguka kwenye beseni, upigwe picha. Timau kutakuwa na baridi ya Mlima Kenya, utafunga zipu zote. Halafu barabara itaanza kuteremka kuelekea Isiolo, na kila kilomita utatamani kufungua zipu moja, lakini utaona aibu kusimama kwa sababu kundi limeshasimama mara nne kwa ajili ya kibofu chako. Ondoa aibu. Nusu ya kundi ilikuwa ikiomba usimame.

Hapa kejeli inapumzika kidogo. Mzee anayetumia dawa za presha, hasa zile zinazoongeza mkojo, hukaukiwa maji mwilini upesi kuliko kijana, na kiu humjia kwa kuchelewa. Kunywa kabla hujaona kiu. Mwulize daktari wako kuhusu dawa hizo na joto kabla ya safari. Na daktari ni yule wa hospitali, si yule Kimbunga wa kundi la WhatsApp.

Isiolo jaza tangi na maji. Waulize polisi na wenyeji hali ya usalama ya wiki hiyo, kisha uamini watakachokuambia, hata kama kitaharibu ratiba ya mwenyekiti. Panga kufika jua lingalipo. Usiku wa huko ni wa tembo na wa watu wasiopenda kuulizwa maswali.

Hatua ya nne: ingia kwenye laga

Laga ni mkondo mkavu wa mto, na sakafu yake ni mchanga uliokaa kukungoja tangu mvua iliyopita. Kanuni za mchanga ni chache na zote zinakwenda kinyume na akili ya mtu mzima. Kabla hujaingia, toa upepo kidogo kwenye tairi ili zitanuke. Simama wima juu ya vikanyagio. Tazama mbali, pale unapotaka kutokea, wala si kwenye tairi la mbele. Mikono yote miwili iushike usukani kwa ulegevu, uache uyumbe. Na unapoogopa, ongeza mafuta.

Wewe, kwa kuwa umelea watoto na umelipa mikopo, utafanya yote kinyume. Utakaa. Utalitazama tairi. Utakaza mikono. Utakapoogopa utapunguza mafuta, tairi la mbele litazama, na pikipiki itasimama. Itasimama kabisa, tena kwa upole. Utatoa mguu kutafuta ardhi. Ardhi iko sentimita tano chini ya pale ulipoitarajia.

Pikipiki nzito haianguki kwa kishindo. Inainama, unaizuia, inaendelea kuinama, unaendelea kuizuia, na kwa kitambo kidogo nyote wawili mnajua mwisho wake. Ushauri wa kitaalamu ni huu: iachie. Mtu wa miaka 60 anayejaribu kuzuia kilo 300 kwa goti moja atarudi Nairobi kwa gari la wagonjwa. Sanduku la aluminiamu linanyooshwa kwa nyundo; nyonga haijapata nyundo yake.

Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hawakusema mkuu mwenyewe akivunjika inakuwaje. Ted Simon, Mwingereza aliyeizunguka dunia kwa Triumph ya cc 500 kuanzia mwaka 1973, aliamua kuirudia safari ile mwaka 2001 akiwa na miaka 69, safari hii kwa BMW. Alipofika humu humu Kenya akaanguka na kuvunjika mguu. Akatibiwa, akapona, akaendelea na safari. Ikiwa mtu mwenye historia hiyo ardhi yetu ilimwangusha, wewe mwenye historia ya kwenda kula nyama choma huna cha kuonea haya.

Hatua ya tano: iinue

Zima injini. Vuta pumzi. Tazama kama petroli inavuja. Ikiwa imelalia upande wa kulia, shusha kwanza stendi ya pembeni, la sivyo utaisimamisha ipite moja kwa moja hadi upande wa pili. Tia gia ya kwanza isibiringike. Geuza usukani hadi mwisho. Sasa ipe mgongo, egemeza makalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja ushike mpini, mwingine ushike chuma cha mzigo. Chuchumaa, mgongo uwe wima, kisha sukuma kwa mapaja ukirudi kinyumenyume kwa hatua fupi fupi. Usivute kwa kiuno. Mafunzo ya namna hii hutolewa duniani kote, na watu wenye maumbo madogo huinua pikipiki kubwa kwa njia hiyo, wakiwa kwenye saruji.

Wewe uko kwenye mchanga. Kila unaposukuma, buti zinazama. Utajaribu mara ya pili, na kabla ya mara ya tatu utagundua kwamba kijana wa Kiborana mwenye mbuzi wake amesimama ukingoni mwa laga akikutazama, na kwa heshima zote amekaa kimya tangu ulipoanguka.

"Shikamoo, babu," atasema. "Ngamia wetu tukitaka kumpakia hupiga magoti. Huyu wako hupiga magoti lini?"

Usijibu. Kusanya uzee wako wote na umwambie: "Nisaidie, mwanangu." Mtaiinua pamoja kwa muda mfupi kuliko uliotumia kumeza kiburi. Usimrushie noti kama bakshishi ya hoteli. Mwulize jina, uliza habari za malisho na mvua, mpe maji, halafu toa shukrani uliyo nayo.

Hatua ya sita: likute kundi lako la kweli

Ungali unapangusa mchanga shingoni, itapita Boxer. Dereva wake amebeba madebe ya maji, gunia la unga na mbuzi mmoja aliyefungwa vizuri, naye amevaa makubadhi. Ataivuka laga ile ile bila kubadilisha sura. Pikipiki yake haifiki nusu ya uzito wa yako. Ikianguka huiinua kwa mkono mmoja akiendelea na simu.

Atasimama, kwa sababu huko hakuna anayempita mtu aliyekwama. Atakuonyesha njia ya pembeni ambayo haimo kwenye ramani ya kifaa chako cha bei ghali. Atakuambia kama mto umejaa, na hapo umsikilize sana: Ewaso Ng'iro hupokea maji ya mvua iliyonyesha mbali, Mlima Kenya na Aberdare, kwa hiyo unaweza kufurika Gotu huku mbingu ikiwa nyeupe. Popote ambapo maji yamefunika njia, shuka uyapime kwa miguu, au uyaache.

Ukifika kwenye vibanda, kaa na watu wa bodaboda. Agiza chai ya maziwa ya ngamia. Usianze kuwafundisha sheria. Kofia ngumu na jaketi la kuakisi mwanga uvae wewe kwanza kila siku, nao watakuuliza bei. Wao hufunga safari za Isiolo na Merti kwa kazi, bila kizibao na bila jina la barabarani, na mwenzao akikwama hupiga simu moja akafuatwa. Hiyo ndiyo katiba yote, na haina kiingilio.

Hatua ya mwisho, ambayo ilifaa iwe ya kwanza

Ikiwa mafao yako bado yako benki, nenda dukani na umwombe muuzaji ailaze pikipiki chini. Atashtuka. Tafuta basi rafiki mwenye pikipiki kama hiyo, mwelewane, mwilaze kwenye nyasi, uiinue peke yako mara mbili mfululizo. Ukiweza, lipa. Usipoweza, nunua ya kilo 150, weka salio la fedha mahali ambapo mama watoto analiona, na uende Gotu hiyo hiyo. Maporomoko hayaulizi injini ni ya cc ngapi.