Barua za Marehemu

Mtu akisikia kwamba nakusanya barua za mkono za wachoraji wa kisurealisti, hudhani zimejaa maajabu. Hawa ni watu wa ndoto, bwana! Mwaka 1931 Salvador Dalí alichora saa zinazoyeyuka. Miaka miwili kabla yake René Magritte alikuwa ameshachora kiko na kuandika chini yake kwamba hicho si kiko. Basi wageni wangu hunyoosha shingo. Nawasomea. Mchoraji anauliza fedha zake zitafika lini. Mchoraji ana mafua. Mchoraji anamkumbusha mwenye duka la sanaa kwamba picha ile kubwa haijalipiwa bado. Wageni wanaulizia chai.

Mimi nazipenda hizohizo. Magritte mwenyewe, pamoja na ndoto zake zote, aliandikiana miaka mingi na Alexander Iolas, aliyekuwa akimuuzia picha New York. Mwaka 1966 alimwandikia hata mwanafalsafa Michel Foucault. Barua za kiwango hicho siwezi kuzinunua hata nikiuza kiwanja. Mfuko wangu unaishia kwa wachoraji wadogo wadogo waliokuwa wakikaa pembeni mwa meza ya wakubwa, na hata hao wananitesa.

Chukua siku bahasha yangu kutoka Brussels ilipofika Dar es Salaam. Kijana wa dirisha la forodha aliisoma fomu mara mbili.

“Mzee, hapa wameandika karatasi moja, imetumika.”

“Ndiyo.”

“Na bei ndiyo hii?”

“Ndiyo hiyo.”

“Karatasi yenyewe ina nini?”

Nikamwambia ni barua ya mchoraji mmoja wa Kibelgiji.

“Yuko wapi?”

“Alishafariki zamani.”

“Sasa marehemu amekuandikiaje wewe?”

Nikaeleza kwamba hakuniandikia mimi, alimwandikia mtu mwingine. Hapo ndipo alipomwita mkubwa wake.

Simlaumu kijana. Watu wa forodha na wachoraji hawa wametoka mbali. Mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha lori mpakani mwa Andorra, wakakuta karatasi 40,000 zisizo na kitu isipokuwa sahihi ya Dalí. Maana yake sahihi inaweza kuwa ya Dalí kabisa, aliyoitia kwa mkono wake, na picha iliyo juu yake ikawa kazi ya mtu ambaye Dalí hakuwahi hata kumsalimia. Giorgio de Chirico, ambaye wasurealisti walimsujudia mpaka alipobadili mtindo, yeye alirudia picha zake za ujanani akazitia tarehe za zamani, na nyingine alizozichora kweli akazikana. Mkusanya stempu hajui raha aliyonayo.

Ndiyo maana nikienda Brussels natembea na kitochi cha urujuanimno, kilekile ambacho wenye maduka hukagulia noti. Karatasi nyingi za kuanzia miaka ya 1950 zimetiwa kemikali ya kung'arisha. Za kabla ya vita hazina. Pale Place du Jeu de Balle, kwenye gulio la vitu vikuukuu, muuzaji mmoja alinionyesha barua ya “1928” iliyosimulia ndoto ya samaki anayepiga piano. Nikaimulika. Iling'aa kama shati la shule lililozidishiwa bluu. Muuzaji hakutikisika hata kidogo. Alisema huo ndio usurealisti wenyewe.

Nimejifunza kuwaogopa samaki wa namna hiyo. Barua ya kughushi huota, kwa sababu mghushi anajua mnunuzi anatafuta ndoto. Barua ya kweli hudai, kwa sababu mchoraji alikuwa na mwenye nyumba.

Lakini hakuna mghushi aliyenitia hasara kama shangazi yangu wa Tanga, mwanamke nadhifu kupita kiasi. Alikuja kunitembelea, akaikuta barua yangu imekunjamana mezani. Niliporudi kutoka kazini jioni ilikuwa imeshapelekwa stesheneri, imepigwa laminesheni, na kona moja imetobolewa tundu la kuning'inizia.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, mwanangu. Karatasi yako nimekutengenezea, nimelipa mwenyewe. Inasemaje?”

“Mtu anadai hela zake,” nilisema, sauti ikinikauka.

“Anakudai wewe?”

“Hapana. Alikuwa anamdai mwenzake, hukohuko Ubelgiji.”

“Kwa hiyo hela uliyotoa amepewa yeye mwenye kudai?”

“Hapana, shangazi. Amepewa mtu mwingine kabisa.”

Alinitazama kwa muda, akaomba nipime homa.

Laminesheni haibanduki bila kuondoka na wino. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama una barua ya mchoraji wa kisurealisti isiyotaja ndoto hata moja, bali inaomba kuongezewa muda wa kulipa kodi ya nyumba, nitafute upesi. Bei tutaelewana.