Heshima kwa Printa

Msiilaumu printa ya kibanda chetu cha kuchapisha hati hapa Kolwezi. Ni mtu mzima ile, haikurupushwi kitandani. Linux ikiwashwa asubuhi, CUPS, programu inayopanga foleni ya uchapaji, huiita mara tu kazi ya kwanza inapotumwa. Ikiikuta bado inajinyoosha, huweza kuiandika "imesimamishwa" na kazi zote zikangoja. Hapo ndipo adabu inapotakiwa: chomoa waya wa USB, hesabu hadi kumi, chomeka tena, kisha andika amri ya cupsenable na jina lake kamili.

Papa mmoja mwenye karatasi za kiwanja aliuliza kwa nini isiamke yenyewe. Haraka ya nini, Papa? Shaba ya Lualaba hupanda lori hadi Kasumbalesa, huvuka mpaka, huizunguka dunia, kisha huturudia ndani ya waya kama huu, nasi twaununua kwa dola. Baada ya safari hiyo yote, mnataka tena ifanye kazi? Hata umeme, nasi tu majirani wa mabwawa ya Nzilo na Nseke, huja unapopenda wenyewe.

Tunafungua saa mbili asubuhi. Njooni saa nne.