Namna ya Kubaki Peke Yako na Muhuri

Hongera, mwenyekiti. Umechaguliwa kuuongoza umoja wa wanafunzi hapa Tabora, na siku ya uchaguzi watu walijaa kwa sababu kulikuwa na soda. Fuata maelekezo haya, nawe utaifikia wiki ya mitihani ukiwa umebaki wewe, mweka hazina na muhuri.

Anza na katiba. Iandike ndefu, kisha isome kikaoni kifungu kwa kifungu, Jumamosi saa nane mchana, jua la Oktoba likiwa limeiva. Miembe ya enzi za misafara bado inatoa kivuli cha bure mjini. Isikushawishi, kodi ukumbi wa bati. Mchango utangaze siku bumu linapoingia. Ukiulizwa ni wa nini, jibu: "Mambo ya umoja."

Halafu gawa vyeo: makamu, katibu, katibu msaidizi, msemaji, mlezi. Waliosalia waite wanachama na usiwape kazi yoyote. Hapa usilegeze hata kidogo, maana mji wenyewe unakupinga. Wapagazi wa Kinyamwezi walioshuka kutoka huku hadi Bagamoyo pwani katika karne ya 19 walikuwa kila mtu na mzigo wake, kilo 30 hivi, na ole wake tajiri aliyetaka kuupachika kitu cha ziada bila malipo. Jioni hawakulala kama umati. Waligawanyika kambi ndogondogo, ndugu na marafiki, kila kambi na chungu chake. Aliyetaka kutoroka hakuutoroka msafara tu. Aliwatoroka watu aliokula nao jana. Wewe jihadhari na vyungu. Watie wanachama wote katika kundi moja la WhatsApp, ulifunge ili uandike wewe peke yako, na kila asubuhi utume ua lenye salamu.

Mbele ya msafara alitangulia kirangozi, kavaa kitambaa chekundu, kichwani manyoya. Alikuwa mpagazi kama wenzake, mzigo wake mwepesi kuliko wa wengine, lakini alikuwa nao. Richard Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora hii, Novemba 1857, ameeleza kwamba aliyethubutu kumtangulia kirangozi alitozwa faini, na mshale ulichomolewa katika podo lake uwe ushahidi. Chukua manyoya na faini. Mzigo waachie wenyewe.

Kuhusu utoro, wasafiri wa Kizungu ni walimu wazuri mno. Mpagazi akitoweka usiku, waliulaumu uvivu wake kabla hawajaukagua mfuko wa posho. Nawe fanya hivyo hivyo. Kikao kikihudhuriwa na watu tisa, wakalishe saa nzima uwagombeze hao tisa kwa ajili ya wale ambao hawakuja. Mbinu hii sijaona ikishindwa: kikao kinachofuata wanakuja wanne.

Tena usiangalie msimu. Wanyamwezi wengi walisafiri kiangazi, na mvua zilipokaribia walitaka kuwa nyumbani wakalime. Mfanyabiashara mwenye akili alipanga safari yake akilijua hilo. Wewe itisha mkutano mkuu siku tatu kabla ya mitihani. Atakayekosa kwa kisingizio cha kusoma, jina lake libandikwe ubaoni.

Imebaki hatari moja, nayo imetokea mjini hapahapa. Kijana mmoja aliyesoma Shule ya Tabora tangu 1937, Julius Nyerere, alifika Makerere mwaka 1943. Huko yeye, Hamza Mwapachu na Andrew Tibandebage walianzisha chama cha ustawi cha wanafunzi wa Tanganyika, TAWA. Baada ya muda waliona kipo chama kikubwa zaidi cha Waafrika wa Tanganyika, TAA, chenye shughuli inayomhusu kila mtu. Basi chao wakakiacha, wakafanya tawi la TAA. Hawakugombea nani abaki na kiti. Nyerere aliporudi Tabora mwaka 1946 kufundisha St. Mary's, aliendelea na TAA hiyohiyo, na yaliyofuata unayajua.

Kwa hiyo mwanachama yeyote mwerevu akikushauri umoja wako ujiunge na klabu ya mdahalo, ambayo ina watu, ina ratiba, na kila wiki kuna anayetakiwa kusimama aseme, mkatize mapema. Mwambie fulana zimeshachapishwa.