Maalim Awajibu Wasafiri Wenye Droni

Msimu wa safari umewadia, na kwa kadiri ninavyozisoma barua zilizorundikana mezani pangu, naona kwamba hapana tena mtu wa pwani wala wa bara aendaye ughaibuni kwa nia ya kutazama kwa macho mawili aliyojaaliwa na Mola wake. Kila mmoja ataka jicho la tatu, lenye rafadha nne na betri, na kila mmoja ataka nimwamulie ni lipi alichukue na lipi aliache kabatini. Nimechagua barua nne: tatu kwa manufaa ya wasomaji wote, na moja kwa sababu mwandishi wake amenitishia.

*Shikamoo Maalim. Mimi ni mfanyabiashara wa Tanga. Mwezi ujao nakwenda Hamburg kumzuru mdogo wangu, na kutoka huko tutavuka mpaka kuingia Uholanzi. Muuza duka ameniwekea droni tatu mezani, DJI Mavic 3, DJI Air 3 na DJI Mini 4 Pro, akaniambia kwamba mtu wa hadhi yangu hawezi kuonekana na ile ndogo. Nichukue ipi? — Mwenye Hadhi, Tanga.*

Marahaba, ndugu yangu. Hadhi ni johari, nami simshauri mtu aidharau yake. Walakini huko uendako droni haipimwi kwa hadhi ya mwenyewe bali kwa gramu zake, na hapo ndipo muuza duka alipokuficha neno. Mavic 3 ina gramu 895, Air 3 ina gramu 720, na Mini 4 Pro, ikiwa na betri yake ya kawaida, haifiki gramu 250. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, ambazo tangu mwisho wa 2020 zinafuata kanuni moja ya droni, kiasi hicho cha gramu 250 ndicho mpaka baina ya mtu asumbuliwaye kidogo na mtu asumbuliwaye sana: mwenye ile ndogo, yenye alama ya daraja C0, hadaiwi mtihani, na ikitokea imempitia juu mpita njia asiyehusika hana kosa, maadamu hakuirusha juu ya umati, ilhali mwenye zile kubwa, zenye alama ya daraja C1, sharti asome na kutahiniwa kwa njia ya intaneti hata apate cheti, wala asikusudie abadani kuipitisha juu ya kichwa cha mtu ambaye hahusiki na shughuli yake.

Usije ukadhani kwamba wepesi unakuondolea kila taklifu. Kwa kuwa hata hiyo ndogo ina kamera, na kamera yaweza kunasa sura ya mtu aliyekaa uani kwake na vazi la kulalia, utapaswa kujisajili kuwa mwendeshaji katika nchi ya kwanza ya Umoja huo utakayorushia, nayo kwako ni Ujerumani. Nambari utakayopewa utaibandika juu ya droni, na itakufaa Uholanzi vilevile pasipo kujisajili mara ya pili. Ujerumani itakudai na bima ya dhima, iwe droni ni nzito au nyepesi, na katika nchi zote mbili usiipandishe kupita mita 120 kutoka ardhini. Mambo haya yote yafanye ungali Tanga, kwa kuwa mdogo wako, ambaye bila shaka amekwambia kwamba huko hakuna anayeuliza, ndiye atakayekuwa wa kwanza kusogea kando askari atakapouliza.

Sasa nitamtendea haki muuza duka. Ni kweli kwamba kihisi cha kamera ya Mavic 3, ambayo imetiwa jina la Hasselblad, ni kikubwa mara kadhaa kuliko cha Mini, na ukubwa huo haujifichi jua linapotua, wakati ambapo kivuli cha ghala na mwanga wa maji hugombania picha moja, na kihisi kidogo hulazimika kumdhulumu mmoja wao. Ni kweli pia kwamba Air 3 ina kamera mbili, moja ya kutazama kwa upana na moja ya kuvuta kilicho mbali, jambo ambalo kwa maoni yangu lina faida kubwa kuliko watu wanavyolisifu, kwa maana aliye na kamera ya kuvuta hana haja ya kuisogelea nyumba ya mtu. Na upepo? Watengenezaji wanasema Mini hustahimili upepo wa mita 10.7 kwa sekunde, na hizo mbili mita 12. Tofauti ipo, walakini pepo za Bahari ya Kaskazini zina siku zake ambazo zote tatu zapaswa kukaa mkobani.

Hukumu yangu ni hii. Ikiwa picha zako zitauzwa, au zitachapwa kwa ukubwa wa ukuta, chukua Mavic 3, ufanye mtihani, uvumilie uzito. Ikiwa zitatazamwa kwenye simu na shemeji zako baada ya futari, chukua Mini na rafadha za akiba, na fedha iliyobaki mnunulie mkeo kitu. Lakini jihadhari na hila moja: kuna betri nene ya Mini ambayo huahidi dakika 45 za kuruka mahali pa 34, na muuza duka atakushawishi nayo kwa bidii, lakini ukiitia tu, droni yako inavuka gramu 250, na ile afueni uliyoinunua kwa fedha inakutoka kwa tamaa ya dakika kumi na moja.

*Maalim, nimeoa, alhamdulillahi, na fungate yetu ni Marrakesh kisha Kairo. Nataka kumpiga mke wangu picha kutoka juu, yeye akiwa amesimama jangwani na shela jekundu. Nimesikia kwamba DJI Neo ina gramu 135 tu na huruka kutoka kiganjani. Je, yaweza kupita forodhani ndani ya sanduku la viatu vya mke wangu? — Bwana Arusi, Mombasa.*

Hongera, mwanangu, na droni iache Mombasa.

Ningeweza kukomea hapo, ila naona una maswali. Moroko haikubali droni iingizwe nchini na mtalii asiye na kibali, na haijali kama ina gramu 135 au kilo mbili. Hiyo yako ikionekana kwenye mashine ya kukagulia mizigo, na mashine hiyo haina haya ya kutazama viatu vya bibi arusi, forodha itaizuia, nawe, ukibahatika, utapewa risiti ili uidai siku ya kuondoka. Misri ni kali zaidi: huko, kwa sheria ya 2017, kuingiza droni au kuitumia bila ruhusa ya Wizara ya Ulinzi ni kosa ambalo adhabu yake yaweza kuwa kifungo. Fikiri basi jambo ulilolikusudia, kwamba katika juma la kwanza la ndoa umfanye binti wa watu kuwa mbebaji wa magendo, na baba mkwe apate habari hizo kwa simu kutoka ubalozini.

Na hata pasingalikuwa na sheria, ningekuuliza: picha ya mke mwenye shela jekundu, ikipigwa kutoka mita mia angani, ni picha ya mke au ni picha ya nukta? Panda juu ya mchanga ulioinuka, mwambie asimame chini, umpige kwa kamera ya kawaida. Uso wake utaonekana, nawe utakuwa na mikono huru ya kumshikia viatu.

*Assalaam alaykum Maalim. Tunakwenda Maskati kwa arusi ya binamu yangu. Mume wangu ana Mavic 3 na betri nne, na ataka kuzitia ndani ya sanduku langu kubwa, chini ya halua na khanga za zawadi, ati mkoba wake wa mkononi umejaa. Nimekataa, naye amenuna. Ukimwunga mkono nitaacha kulinunua gazeti hili, na dada zangu wataacha vilevile. — Mama Watoto, Unguja.*

Waalaykum salaam, bibi. Vitisho havina nguvu juu ya kalamu hii, na ni sadfa tupu kwamba haki iko upande wako.

Betri za droni ni za lithiamu, na betri ya lithiamu ikipata hitilafu, ikabonyezwa au ncha zake zikagusana na chuma, yaweza kupata joto kiasi cha kuwaka yenyewe, na moto wake si wepesi kuzimika. Ukitokea pale abiria walipo, wahudumu watauona na watajua la kufanya. Ukitokea katika tumbo la ndege, chini ya khanga, hapana aliye karibu. Kwa sababu hiyo mashirika ya ndege hayaruhusu betri za akiba katika mizigo inayokabidhiwa kaunta. Sharti zichukuliwe mkononi, kila moja ncha zake zikiwa zimezibwa kwa utepe au ikiwa ndani ya kifuko chake. Mpaka wa kawaida ni wati-saa 100 kwa betri moja, na ya Mavic 3 ina wati-saa 77, basi hapo mumeo yu salama, ila aliulize shirika lake juu ya idadi, maana mengine yana viwango vyao. Mkoba wake ukiwa umejaa, na autoe ule mto wa shingo.

Nikiwa bado upande wako, nitaongeza lililo kubwa kuliko betri: Oman hairushwi droni pasipo idhini ya mamlaka ya usafiri wa anga. Mumeo amekwisha kuiomba? Naona kimya. Fauka ya hayo, arusi ya Maskati ina uwanja wa wanawake, na hakuna idhini ya serikali yoyote duniani itakayomwokoa mwanamume ambaye jicho lake limepaa juu ya uwanja huo.

*Shikamoo Maalim. Nasoma Osaka, na nimenunua Mini iliyotumika. Rafiki zangu wanasema kwamba gramu 249 haina sheria popote duniani. Nikimaliza masomo nitarudi nayo Nairobi, na mjomba ameahidi kuipitisha uwanjani kwa kujuana. Nina jambo la kuhofu? — Mwanafunzi.*

Marahaba, mwanangu. Unayo mawili.

La kwanza ni kwamba rafiki zako wameifanya nambari hiyo hirizi. Kila nchi ina mizani yake, na ya hapo ulipo imekuwa ikishuka: mwaka 2019, wakati mpaka wa Japani ulipokuwa gramu 200, DJI iliwatolea Wajapani Mavic Mini ya pekee yenye gramu 199, kwa kuipunguzia betri, lakini ilipofika Juni 2022 mpaka ukateremshwa hadi gramu 100, na hata hiyo iliyokonda kwa ajili ya sheria ikajikuta imenenepa mbele yake. Hivyo yako imezidi zaidi ya maradufu. Sharti isajiliwe, ibandikwe nambari, na iwe na kifaa cha kujitambulisha ikiwa angani. Ukikuta muuzaji alikwisha isajili kwa jina lake, usiirushe kabla umiliki haujahamishwa, usije ukamfanya mtu wa watu ajibu makosa yako.

La pili ni Kenya, ambako kanuni za 2020 zinataka idhini ya mamlaka ya anga, KCAA, kabla droni haijaingizwa nchini, na idhini hiyo huombwa ungali huko, si mbele ya kaunta ya forodha huku mikoba ikizunguka kwenye ukanda. Anza maombi mapema, uweke nakala ya risiti ya ununuzi na nambari ya droni. Mjomba wako mpelekee salamu zangu, umwombe akuandikie ile ahadi ya kujuana kwenye karatasi, kwa jina lake kamili na sahihi.